Kinachoibeba na kinachoiangusha hadithi fupi ya mapenzi ya watu wazima

Wewe unayeanza kuandika hadithi za mapenzi kwa wasomaji wazima, nakuandikia baada ya miaka mingi ya kusoma miswada ya wenzangu na kuirudia yangu mpaka karatasi zikachakaa. Jambo nililochelewa kulijua ni hili: ufupi ndio nguvu ya hadithi hizi, na ufupi huohuo ndio unaoziangusha. Una maneno 2,000, pengine 3,000. Mwandishi wa riwaya anaweza kula sura nzima kabla wahusika hawajashikana mikono. Wewe ukifika ukurasa wa tatu msomaji hajahisi kitu, umempoteza.

Kwa kuliogopa hilo, wengi hukimbia. Aya ya kwanza wamekutana, ya pili wamependana, ya tatu wako chumbani. Muswada wangu wa kwanza ulikuwa hivyohivyo. Mhariri aliyeusoma aliandika swali moja pembeni: "Kwa nini huyu, asiwe mwingine?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemjaza mwanamke wa watu umbo namba nane, shingo ya upanga, macho malegevu na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, lakini hapakuwa na sentensi hata moja iliyomhusu yeye peke yake. Sifa zile zinamkaa mhusika yeyote wa hadithi yoyote, na msomaji wetu amezisoma hadi zimekuwa kama maji ya kunywa.

Siku hizi nikikwama hapo natafuta kitendo kidogo ambacho watu hawa wawili tu wangekifanya. Tazama kipande hiki:

"Kile kifungo cha mkufu kilimgomea Musa mara ya tatu. Akashusha mikono, akapapasa mfuko wa shati, akavaa miwani. Kwenye kioo, Zaina alimtazama. Hakuwahi kumwona na miwani. 'Usinicheke,' Musa alisema. Zaina hakucheka. Alizikusanya nywele zake juu kwa mkono mmoja, akainamisha shingo zaidi, akaomba kimoyomoyo kile kifungo kigome tena."

Hakuna aliyetamka neno mapenzi hapo. Umri wao unauona kwenye miwani, haya unaisikia kwenye neno moja la Musa, na tamaa yote imejificha katika dua ya Zaina. Ukiongeza "alihisi umeme ukimpita mwilini", umeharibu. Msomaji ameshauhisi mwenyewe, ukimtajia, unamnyang'anya.

Sasa hilo neno "watu wazima". Wengi wanaoanza wanalisikia wakafikiria kitanda tu. Mimi nalichukulia kwanza kuwa ni watu wenye mizigo: ndoa iliyovunjika, mtoto anayesubiri nyumbani, kazi wanayoweza kuipoteza, mwili ambao si ule wa zamani. Mtu mzima akipenda kuna anachohatarisha, na hicho ndicho kinachomfanya msomaji asiweke hadithi chini. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni kikwazo cha uongo: mwanamume anamwona mpenzi wake amekumbatiwa na mtu barabarani, anasusa kurasa tano, kumbe yule ni kaka yake. Kikwazo kinachokwisha kwa simu moja hakifai kubeba hadithi. Jiulize: wakikaa chini wakaambiana kila kitu kwa ukweli, bado kuna kinachowatenganisha? Kama hakipo, rudi mwanzo.

Ukitaka kuona ufupi unavyoweza kubeba mzigo mzito, soma hadithi ya mwandishi wa Urusi, Anton Chekhov, ya bibi mwenye mbwa, iliyochapishwa mwaka 1899. Watu wawili, kila mmoja na ndoa yake, wanakutana mapumzikoni Yalta, mji wa pwani. Mwanamume anadhani ni yale mambo yake ya siku zote, yatapita. Yanakataa kupita. Anagundua kwamba amependa kwa mara ya kwanza wakati mvi zimeshamwingia. Chekhov ameigawa hadithi vipande vinne na kuiruka miezi iliyo katikati bila kuomba radhi. Anasimama tu pale ambapo kitu kinabadilika ndani ya mtu. Ndivyo penzi linavyopata muda wa kuiva ndani ya kurasa chache. Wewe pia una ruhusa ya kuruka. Chagua nyakati tatu au nne, uzikae vizuri, nyingine ziache.

Faragha ya chumbani ndiyo inayowatesa waandishi wengi, na kwa Kiswahili ina ugumu wake. Maneno tuliyo nayo ya mwili na tendo lenyewe yako makundi matatu: ya daktari, ya matusi, na ya tafsida. Ukitumia ya daktari, chumba kinageuka zahanati. Ya matusi yana nafasi yake mdomoni mwa mhusika fulani, ila masimulizi yakiyashika yanakwaruza. Basi tunakimbilia tafsida zilizochoka: wakala tunda, wakazama katika dimbwi la mahaba, wakaogelea bahari ya huba. Na usidhani wenye lugha nyingine wamepona. Jarida la Literary Review la Uingereza lilianzisha mwaka 1993 tuzo ya kipande kibaya zaidi cha ngono katika riwaya, na walioipewa ni pamoja na Tom Wolfe na Norman Mailer, waandishi wakubwa kabisa.

Ninachokushauri ni kuziacha sehemu za mwili zipumzike na kuandika kinachozunguka tendo. Mkono unaotafuta swichi ya taa na mwingine unaouzuia. Pete inayovuliwa na kuwekwa kwenye kingo ya dirisha. Mtu anayenyamaza ghafla kwa sababu ameitwa kwa jina ambalo hajaitwa siku nyingi. Lugha yetu ni hodari sana wa kufumba. Tumia uhodari huo kutengeneza fumbo jipya, la watu hawa wawili.

Na ridhaa ionekane ndani ya hadithi yenyewe. Swali la chini chini, kusita, kisha mkono unaovuta badala ya kusukuma: vyote hivyo vinaongeza joto. Miswada ambayo mwanamume anamlazimisha mwanamke na mwandishi akaiita hiyo shauku, mimi huirudisha. Anayesema hapana akilazimishwa, hiyo ni hadithi nyingine, na iandikwe kwa jina lake.

Kuna mambo mawili ya sarufi ambayo sikuyasikia darasani. La kwanza, "a-" na "m-" havisemi ni mwanamume au mwanamke. Ukiandika "alimshika mkono akamwambia anampenda", nani kamshika nani? Katika pambano la watu wawili hilo linamtoa msomaji kwenye joto na kumweka kwenye mahesabu. Taja jina pale zamu inapobadilika, au mpe kila mmoja kitu chake cha kushika, kikombe kwa huyu na funguo kwa yule. Udhaifu huohuo unaweza kuugeuza neema: mahali unapotaka isijulikane nani kaanza, lugha itakutunzia siri hiyo bila hila yoyote.

La pili ni "-ka-". Akaingia, akamkumbatia, akambusu, akamlaza. Hiyo ni mwendo wa kasi, inafaa kwa mtu anayekimbizwa. Penzi linataka kupunguziwa mwendo. "Alisimama mlangoni, koti likichuruzika maji, asijue aingie au aombe radhi kwanza." Vitendo ni vilevile vichache, ila sasa msomaji amesimama naye mlangoni. Chukua ukurasa wako wa mapenzi, piga mstari chini ya kila "-ka-", kisha uandike upya nusu yake kwa "-ki-", kwa "huku", au kwa kumwacha mtu asimame tu.

Mwisho wa hadithi uutafute kabla ya pale unapodhani umefika. Karibu kila muswada ninaousoma una aya moja au mbili za ziada, zile za harusi, za "na tangu siku hiyo". Zifunike kwa kiganja, usome mstari uliobaki juu yake. Mara nyingi utakuta mtu bado ameshika kitasa, na mlango haujafunguliwa.