Niliacha pombe, usingizi nao ukaniacha

Usiku wa nne ndio uliotaka kunirudisha kwenye chupa. Kiu nilikuwa nimeizoea, na marafiki nilikuwa nimewakwepa. Kilichonishinda ni kulala. Tangu saa nne nilikuwa chali, macho yamenikodoka, moyo unadunda hadi masikioni, shuka limelowa jasho. Nikaligeuza upande wa pili, nao ukalowa. Ilipogonga saa nane nikaketi na kujiambia: glasi moja tu, si ya kulewa, ni ya kulalia. Kila aliyewahi kuacha anaijua sauti hiyo, na saa nane za usiku huwa ina hoja nzito kweli. Sitajisifu ujasiri. Kilichoniokoa ni kwamba nyumbani hamkuwa na tone.

Kabla sijaendelea: kama umekuwa ukinywa kwa wingi kila siku, usiache ghafla peke yako. Mwili uliozoea unaweza kupatwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, hutetemeka, hupanda homa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo inaua, na dawa yake si uvumilivu, ni hospitali. Mimi nilianzia kwa daktari, na hata huko sikwenda kwa busara zangu, mke wangu ndiye aliyenikokota.

Baada ya usiku ule nikamrudia daktari nikiwa nimevimba macho. Akaniambia pombe huutuliza ubongo kwa nguvu, nao ubongo hujikaza kila siku ili usilemewe. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja huku na mwingine kule: mmoja akiondoka ghafla, mwenzake anaanguka kifudifudi. Pombe ilikuwa imeondoka, ubongo wangu ulikuwa bado unasukuma.

Nikabisha. Mbona zamani nililala kama gogo? Akaniuliza nilikuwa naamka saa ngapi. Saa tisa, kila siku, koo kavu na kibofu kimejaa. Akacheka. Pombe hukuangusha mapema, kisha ikianza kuisha mwilini inauvuruga usiku uliobaki, na usingizi wa ndoto inaupunguza. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nazima tu, nikaita kulala.

Wiki ya pili ndoto zikarudi kudai chao. Niliota nimekaa na glasi mkononi, nakunywa, najisikia vizuri. Nilishtuka, nikapumulia kiganja nikakinusa. Sikutosheka, nikaenda jikoni kukagua glasi moja moja kama polisi. Zote kavu. Nikakaa sakafuni nikicheka peke yangu. Ukiota hivyo usijihukumu, hujanywa.

Kilichonisaidia kuliko vyote kilikuwa kigumu kuliko vyote: kuamka saa kumi na mbili asubuhi kila siku, hata kama lepe la kwanza la usingizi nimelipata saa kumi. Na mchana silali. Siku za mwanzo nilikuwa natembea kama msukule, lakini uchovu huo ndio ulioniletea usingizi wa usiku. Kingine, nikikaa kitandani kama dakika 20 bila kusinzia, naondoka. Nakaa kwenye kiti, taa hafifu, na kitu cha kuchosha cha kusoma (kijitabu cha maelekezo ya friji nimekimaliza mara mbili). Usingizi ukinijia ndipo narudi. Saa ya ukutani nikaitoa, maana kuhesabu saa zilizobaki ni kazi ya kumwamsha mtu. Baadaye nikajua kwamba haya yamo kwenye tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi, na ikizidi unaweza kuiomba hospitalini.

Kahawa nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilitoa chupa nikaweka kikombe, hadi jioni. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini, basi cha saa kumi na moja kilikuwa kinanisubiri kitandani. Sasa mwisho wangu ni adhuhuri.

Vidonge vya usingizi usiazime kwa mtu. Baadhi yake hugusa palepale pombe inapogusa kwenye ubongo, na mlevi ni mwepesi kuhama kutoka chupa kubwa kwenda kichupa kidogo. Mweleze daktari ulikuwa unakunywa kiasi gani, bila kupunguza.

Usingizi wangu ulianza kurudi wiki ya tatu, kwa vipande vya saa mbili au tatu hivi, kisha usiku mmoja wa hovyo unaokurudisha nyuma. Wengine huchukua miezi.

Juzi niliamka tena saa tisa, kwa mazoea. Koo halikuwa kavu. Nikageuka ubavu, na nilichosikia baada ya hapo ni kengele ya saa kumi na mbili.