Vizibo 23 vimegoma kukaa kwenye mistari

SWALI: Habari mwalimu, niko Jinja, binti yangu wa P6 (darasa la sita) kaambiwa apange vizibo vya soda kwa mistari iliyo sawa, 24 kaweza, 23 zinamsumbua tangu jana na mimi nimeshindwa kumsaidia, tunakosea wapi? Nalongo

JIBU: Nalongo, hamjakosea kitu. 24 inapangika hata 4 kwa 6 kama kreti ya soda, au 3 kwa 8, au 2 kwa 12, ila 23 ni namba tasa, haigawanyiki na kitu zaidi ya 1 na yenyewe, kwa hiyo itabaki msitari mmoja mrefu mpaka mlangoni. Ajaribu pembetatu basi, kimoja juu, chini yake viwili, halafu vitatu, atapata 1, 3, 6, 10, 15, 21, 28, yaani hapo hata 24 yenyewe inakataa!

Ila mimi ninayoipenda ni rundo la machungwa: juu 1, chini yake 4, halafu 9, 16, hivyo hivyo, ukifika tabaka la 24 unayo 4,900, na ukibomoa ukayatandaza chini yanajaa mraba wa 70 kwa 70 bila kubaki hata moja. Ukiacha rundo la chungwa 1, hakuna lingine la namna hiyo, mwanahisabati Mwingereza G. N. Watson alithibitisha mwaka 1918. Lakini hiyo mtoto aiache kwanza, amalize vizibo.