Maswali ya Wasomaji: Shahada ya Chuo Kidogo na Wanaoifundisha

Swali: Binti yangu amemaliza kidato cha sita na amepata nafasi ya kusoma sheria katika chuo kikuu kidogo cha kanisa mjini Iringa. Ndugu zangu wananiambia kuwa shahada ya huko haina uzito kama ya Dar es Salaam au Dodoma, na kwamba chuo kinaweza kufungwa akabaki njiani. Mahindi nimeshauza kwa ajili ya ada. Nifanyeje? *Mama, Makambako*

Jibu: Mama, hofu ya ndugu zako ina sehemu mbili, na kila moja ina jibu lake. Kuhusu uzito, shahada zote za hapa nchini ziko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na Tume hiyo hutaka shahada ya kwanza iwe na krediti (kipimo cha saa za kazi ya masomo) zisizopungua 360, iwe imesomwa katika chuo chenye maelfu ya wanafunzi au chenye mia chache. Kwa binti yako kuna kipimo kingine tena, kwa sababu mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili ni lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, ambako wahitimu wa vyuo vyote hukaa darasa moja na kufanya mtihani mmoja. Mwaka 2022 ilipojulikana kuwa kati ya wanafunzi 633 wa taasisi hiyo ni 26 tu waliofaulu bila kurudia mtihani wowote, nchi nzima ilishtuka na serikali ikaunda kamati, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba tatizo lilikuwa la vyuo vidogo peke yake. Ukubwa wa jina la chuo haukuwakinga wengi.

Kuhusu kufungwa, hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na ikazuia pia programu 75 katika vyuo vingine 22, baada ya ukaguzi wa ubora. Hata hivyo kilichozuiwa kilikuwa udahili. Shahada zilizokwisha kutolewa hazikufutwa, na baadhi ya vyuo viliruhusiwa tena baada ya kurekebisha kasoro zake. Tukio lile linatufundisha jambo ambalo wazazi wengi hulipita: chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa vizuri kabisa, lakini programu moja ndani yake ikawa haijaidhinishwa au imesimamishwa. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama chuo kinatambulika. Mwombe binti afungue mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka, atafute jina la programu yake kama lilivyoandikwa kwenye barua ya udahili, kisha alinganishe. Jambo hilo lina uzito hata kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambao hutolewa pia kwa wanafunzi wa vyuo visivyo vya serikali, mradi programu iwe inatambulika.

Iringa si mji mgeni kwa elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Iringa ni cha Walutheri, Ruaha ni cha Wakatoliki, na Mkwawa, kilichokuwa shule ya sekondari, ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2005. Ikiwa programu imo kwenye mwongozo na idara ya sheria ina wahadhiri wa kudumu, mimi ningemruhusu binti aende kwa moyo mweupe. Katika darasa dogo mhadhiri humjua mwanafunzi kwa jina, huona anapoanza kukosa vipindi, na kazi yake ya kuandika husomwa yote. Kwa msichana anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza, faida hiyo ni kubwa kuliko watu wengi wanavyoipima.

Swali: Shikamoo mwandishi. Niko mwaka wa pili katika chuo kidogo jijini Mbeya. Mhadhiri mmoja anatufundisha masomo matatu kwa muhula, na mwingine ni kijana aliyehitimu hapohapo juzijuzi. Tunaishi kwa madesa, yale maandishi ya somo yaliyofupishwa na kunakiliwa. Je, ni halali? *Mwanafunzi, Mbeya*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hapo umegusa mahali vyuo vidogo vinapoumia zaidi. Chuo kisicho cha serikali huendeshwa kwa ada, na wanafunzi wakiwa wachache mishahara nayo huwa finyu, ilhali wenye shahada ya uzamivu nchini hawatoshi na kila chuo kinawagombania. Ndiyo maana utawaona walimu wa muda wanaotoka taasisi za jirani na kukusanya vipindi vya wiki mbili katika Jumamosi moja. Mhadhiri kufundisha masomo matatu si kosa kwa lenyewe, ila yakiwa ya fani tatu tofauti una haki ya kuuliza.

Kuhusu yule kijana, tofautisha cheo chake. Mwenye shahada ya kwanza huajiriwa akiwa na GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.8, na kazi yake ni kuongoza semina na mazoezi chini ya mhadhiri. Mwenye uzamili ni mhadhiri msaidizi, na mwenye uzamivu ni mhadhiri. Akiachiwa somo zima peke yake akiwa na shahada ya kwanza tu, kosa ni la idara, naye msimdharau. Pelekeni suala hilo kwa maandishi kwa mkuu wa idara kupitia kiongozi wa darasa, mkitaja somo na vipindi vilivyokosekana, kisha kwa serikali ya wanafunzi iwapo hamkujibiwa.

Madesa, hata hivyo, ni jukumu lenu. Krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi. Somo la krediti kumi linadai saa mia moja, na mihadhara ni sehemu tu ya saa hizo. Dai muhtasari wa somo wiki ya kwanza, soma vitabu vilivyotajwa humo, na vimbweta, yale mabenchi ya zege ya chuoni, mvitumie kujadiliana, kwa kuwa anayesubiri desa la mwaka jana ndiye anayeishia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio.

Swali: Mimi ni Mwislamu kutoka Rujewa na nimechaguliwa chuo cha kanisa. Nitalazimishwa ibada? Na nikae hosteli au nipange mtaani? *Msomaji, Mbarali*

Jibu: Hutalazimishwa. Vyuo hivi hupokea wanafunzi wa dini zote, ingawa kanuni za mavazi na mwenendo zinawahusu wote, hivyo zisome kabla ya kusaini. Mwaka wa kwanza kaa hosteli ikiwa nafasi ipo. Ukipanga, wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa mbele, na bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, ambalo tangu mwaka 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku, huja kwa mkupuo. Lipa kodi kwanza. Chukua blanketi zito, maana Juni hadi Agosti baridi ya miji ya nyanda za juu kama Iringa na Mbeya ni kali kuliko ya Rujewa.

Swali: Nina stashahada yenye GPA ya 2.8. Kuna wakala anasema kwa malipo atanipatia nafasi ya shahada. Nimwamini? *Msomaji, Tukuyu*

Jibu: Usimpe hata shilingi, ndugu yangu. Kiwango cha kuingia kwa stashahada ni GPA ya 3.0, na matokeo yako huhakikiwa kwa namba inayotolewa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, kwa hiyo hana pa kuyabadilishia. Njia halali ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo ukiifaulu kwa kiwango kinachotakiwa unaomba shahada popote inapokubalika. Kituo chake kipo Mbeya. Nenda na cheti cha stashahada pamoja na cha kidato cha nne, kwa sababu ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne nao hutazamwa.