Gemu la kompyuta la kucheza na mtoto mdogo: mimi naangalia haya

Mzazi mwenzangu, ukiniuliza gemu gani la kompyuta linamfaa mtoto wa miaka miwili au mitatu, nami nitakuuliza: likishawashwa, wewe unapata nafasi ya kuongea? Magemu mengi yanayoitwa ya kuelimisha yanaongea yenyewe mwanzo mwisho, yanashangilia, yanapiga muziki, yanahesabu sekunde. Mtoto anakodoa macho na mzazi hana kazi pale. Umri huu mtoto anajifunza lugha kwa kujibizana na mtu, kwa hiyo gemu linalonyamaza ndilo ninalolitafuta.

Tunalolicheza zaidi nyumbani ni GCompris, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Bruno Coudoin kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 10. Ina mazoezi zaidi ya 100, na mengi ni ya watoto walioanza shule, hivyo chagua wewe. Ugumu unaonyeshwa kwa nyota. Ingia kwenye mipangilio uzuie yale ya juu.

Anza na ya kipanya. Kuna moja ambalo picha imefunikwa kwa vipande, na kila kipanya kinapopita kipande kinafutika. Hakuna kushindwa wala kukimbizana na saa. Nampakata mwanangu, kipanya anashika yeye, mimi mikono yangu naiweka mbali. Linatokea sikio. "Nani huyo?" namuuliza. "Paka!" Anafuta tena, inatokea pua, anasita. "Siyo paka, mama. Simba!" Namuuliza amejuaje, basi ananionyesha kwa kidole na kueleza kwa maneno yake, nusu nayaelewa na nusu nakisia. Maelezo hayo hayamo kwenye programu. Na kama sauti yake ni ya lugha msiyoitumia nyumbani, izime, useme mwenyewe kwa Kiswahili.

La pili ni Tux Paint, la kuchora, nalo la bure, lipo tangu mwaka 2002. Limekusudiwa kuanzia miaka 3, ila wa miwili na nusu akiwa na mtu mzima anafurahia kugonga mihuri ya picha. Ninachokipenda ni kwamba kuhifadhi mchoro hakudai jina la faili, hivyo hatukatishwi.

Yote mawili ukishayapakua hayahitaji bando na hayana matangazo. Hapo kwenye matangazo sina mjadala: mtoto wa umri huu hajui tofauti ya mchezo na biashara, na kidole chake kitabonyeza chochote kinachong'aa.

Muda nao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Wa mwaka mmoja haishauriwi kabisa. Sisi robo saa inatutosha. Kabla ya kuanza namwambia, "Picha tatu, halafu tunazima," na kitufe cha kuzima anabonyeza yeye. Akianza kukigonga kipanya mezani au kugeuza uso, ameshachoka. Tunafunga hata kama picha haijaisha.

Na gemu lolote jipya, licheze kwanza peke yako mtoto akiwa amelala, mpaka mwisho wa zoezi, uone linakuomba nini.