Kabla ya kusaini, angalia geti liko upande gani

Ndugu, umeuliza kama inafaa kupanga fleti yenye geti na mlinzi wakati unachotaka hasa ni mtaa wa kutembea kwa miguu. Inafaa, ila geti lenyewe ndilo la kuchunguza. Wengi hupima umbali kwenye ramani kuanzia kwenye jengo, kumbe mlango wa kutokea uko upande wa pili wa ukuta. Mtu mzima hutembea takribani kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo mita 400 ni kama dakika 5. Ukilazimika kuuzunguka ukuta, muda huo huongezeka maradufu kirahisi, na ukiwa na mizigo au mtoto mgongoni utaishia kutafuta usafiri wa kwenda dukani tu. Uliza kama kuna mlango mdogo wa waenda kwa miguu, na hufungwa saa ngapi.

Kisha nenda mwenyewe usiku, usitosheke na mchana ule dalali anapokupeleka. Tazama taa, njia ya miguu na vivuko. Ukuta mrefu usio na maduka wala madirisha huifanya barabara kuwa pweke, na geti halikulindi ukiwa nje.

Mkataba useme nani analipia ulinzi, usafi na taa za ngazi, na amana hurudishwa kwa masharti gani. Kama geti ni la umeme, mimi nisingesaini kabla ya kuonyeshwa linavyofunguliwa umeme ukikatika.