Maswali ya Wasomaji: Kitabu gani tumnunulie mtoto?

SWALI: Shikamooni. Nina watoto watatu: wa miaka minne, saba na kumi. Nimeweka shilingi 15,000 za vitabu, lakini nikifika dukani nachanganyikiwa. Kila kitabu cha watoto wa Kikristo kina msalaba au Yesu kwenye jalada. Nitajuaje kilicho kizuri kabla sijalipa?
– Mama wa watoto watatu, Cheyo, Tabora

JIBU: Marahaba, mama. Jalada liache, fungua ukurasa wa mwisho kwanza. Tuseme hadithi ni ya mtoto aliyepasua ndoo ya bibi akamsingizia mdogo wake. Katika kitabu kimoja, kesho yake anang'atwa na nyoka njiani, hadithi imekwisha. Katika kingine, mdogo mtu anachapwa, mkosaji analala macho wazi usiku kucha, asubuhi anakwenda kukiri. Bibi anamsamehe, ila wiki nzima mkosaji anachota maji kwa kidumu cha kuazima. Cha kwanza kinaweza kumtaja Mungu kila ukurasa, na bado mtoto akabaki na Mungu anayevizia watoto vichakani. Cha pili huenda hakina hata aya moja, lakini toba imo, msamaha umo, na gharama ya kosa imo. Nunua cha pili.

Kikiwa cha hadithi za Biblia, kipime kwa kurasa unazozijua. Tazama mamajusi: Mathayo 2 haitaji idadi yao, na inasema waliingia nyumbani, si zizini. Tazama Edeni: Mwanzo 3 inasema tunda, haisemi tofaa. Hayo mchoraji tunaweza kumsamehe. Lisilosameheka ni kumchuja Petro, akabaki yule wa kutembea juu ya maji tu, bila kuzama na bila kumkana Bwana wake mara tatu. Mtoto anayelishwa mashujaa wasioanguka, siku akianguka yeye atajiona si wa ukoo ule. Mambo ya Daudi na Bathsheba yanaweza kumsubiri wa miaka minne akue. Ya Petro hata yeye anayaelewa.

Na kile kinachoahidi kwamba ukiomba utafaulu mtihani, kirudishe rafuni. Aliyeomba akafeli amlaumu nani?

Wakatoliki huangalia neno Imprimatur nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Maana yake ni ruhusa ya kuchapa: mafundisho hayapingani na imani. Halisemi kama Kiswahili chake kinasomeka wala kama mtoto atasinzia.

Kuhusu ugumu, nenda na mtoto dukani. Asome kwa sauti ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno linalomkwamisha. Vidole viwili, atasoma mwenyewe. Vitatu au vinne, someni pamoja. Vitano, msomee wewe. Wa miaka minne anatosheka na sentensi moja hadi tatu kwa ukurasa, picha iwe kubwa. Kwa fedha uliyonayo tungechukua kitabu kimoja imara kinachomfaa wa miaka saba: wa kumi awasomee wenzake, mdogo afuate picha. Vitatu vya bei ya chini huwa vimebandikwa gundi tupu, na kwa joto la Tabora gundi ile hukauka, kurasa zikachomoka moja moja. Fungua katikati uone kama kuna uzi au pini.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Wazazi wamenikataza kuwasomea watoto hadithi za sungura na fisi na za mazimwi. Wanasema wanyama hawasemi, na mazimwi ni ya shetani.
– Mwalimu, Kasulu

JIBU: Mwalimu, wasomee wazazi Waamuzi 9:8-15. Yothamu anasimama juu ya mlima Gerizimu akisimulia miti inavyotafuta mfalme: mzeituni unakataa, mtini unakataa, mzabibu unakataa, mti wa miiba ndio unaokubali. Miti inasema, na hakuna aliyeipeleka kanisani kuombewa.

Shida ya sungura iko kwingine: anadanganya, anashinda, tunapiga makofi. Usimfukuze kwa hilo. Ukimaliza kusoma, uliza swali moja tu, "Fisi alijisikiaje?", kisha nyamaza. Watoto wa miaka sita na kuendelea watabishana wenyewe, na ubishi ule unazidi mahubiri yako. Ukiwahi kutoa jibu, umewafungia mdomo.

Zimwi nalo tulipunguzie makosa. Lina jicho moja, linakula ng'ombe mzima, mwisho linakufa. Mtoto anajua ni hadithi. Tunachokikataa ni vitabu vya aina mbili. Kwanza, ambamo shujaa anashinda kwa hirizi au ramli na kitabu kinampongeza. Kumbukumbu la Torati 18:10-12 iko wazi. Pili, na hiki tunakiogopa zaidi: ambamo mchawi amechorwa kama bibi kizee mwenye macho mekundu. Kanda yetu hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo, na wekundu wenyewe unaletwa na moshi wa kuni jikoni. Kitabu hicho kisiingie darasani hata kama kurasa zilizobaki ni za maombi.

SWALI: Biblia ipi inamfaa mtoto wa darasa la nne? – Baba, Uvinza

JIBU: Ya kusoma mwenyewe, Habari Njema, sentensi zake ni fupi. Ya kukariri, Union Version ya 1952, kwa kuwa makanisa mengi husoma hiyo. Atashangaa Zaburi 23 kuanza na "Mwenyezi-Mungu" huku na "Bwana" kule. Mweleze kabla hajauliza. Asianzie Mwanzo akapania kumaliza, atakwama Walawi. Aanze na Marko, sura 16, moja kwa siku, kisha Ruthu na Yona, sura nne nne. Kama ninyi ni Wakatoliki, hesabu kwenye yaliyomo: vitabu viwe 73, si 66.

SWALI: Vitabu vya watoto vinaota ukungu, na vingine vimeliwa na mchwa. – Msomaji, Ujiji

JIBU: Rafu isiguse ukuta, acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite. Miguu yake isimame ndani ya makopo yenye oili chafu. Kitabu kikilowa usikianike juani, kitajikunja na gundi itaachia. Weka karatasi ya chooni kila baada ya kurasa tano, kisimamishe kivulini kikiwa wazi, badilisha karatasi asubuhi na jioni. Ukungu uliokauka ufute kwa kitambaa kikavu, nje, mbali na watoto.