Picha za Korosho Zinapendwa, Wanunuzi Hawaji

Ndugu Mhariri,
Ninabangua na kukaanga korosho hapa Mikindani, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikiweka picha zake Instagram. Watu huzipenda na wengi huandika "Bei?", nami huwajibu "Njoo inboksi", lakini ni wachache mno wanaokuja. Hata matangazo ninayowatumia wateja wa zamani kwa WhatsApp hayajibiwi. Ninakosea wapi?
Mama mfanyabiashara, Mtwara

Jibu
Dada yangu, hilo "Njoo inboksi" ndilo ninalolitilia shaka kwanza. Mteja wa Dodoma aliyeuliza bei hadharani hana tofauti na aliyesimama mbele ya meza yako sokoni. Ukimwambia azunguke nyuma ya nyumba ndipo utaje bei, atadhani unampima mfuko. Andika bei, uzito na nauli ya mzigo chini ya picha yenyewe, na akitokea wa kuuliza tena mjibu palepale, kwa kuwa jibu lako husomwa pia na wengi walioona haya kuuliza. Vivyo hivyo kwa anayelalamika: usifute maneno yake, mjibu kwa upole wote wakiona.

Picha za sahani iliyojaa zimezoeleka. Wateja wengi wa bara hawajawahi kuona ganda la korosho likipasuliwa, wala hawajui kwamba mafuta yake huunguza ngozi, ndiyo maana mbanguaji hupaka majivu au mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza. Video ya nusu dakika ya mikono hiyo ikifanya kazi itamwonyesha anacholipia kuliko maneno mengi ya sifa. Kwa wenye maduka, taja daraja: W240 au W320 ni idadi ya juu ya punje nzima katika ratili moja, kwa hiyo namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa.

Kuhusu WhatsApp, huenda wateja wako hawakukupuuza, bali hawakupata kitu. Ujumbe wa orodha ya matangazo humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako katika simu yake. Andika jina la biashara na namba juu ya kila pakiti, na umwombe mnunuzi aihifadhi wakati anapolipa. Tumia pia WhatsApp Business, programu isiyolipiwa iliyotoka mwaka 2018, ambayo ina katalogi ya bidhaa na humjibu mteja kwa salamu uliyoiandaa wakati wewe uko jikoni. Lakini usimwingize mtu kwenye kundi bila kumuuliza. Wengi huudhika na kujitoa.

Mzigo ukishapakiwa kwenye basi, mtumie mteja picha ya risiti siku hiyohiyo, yeye peke yake. Usiiweke kwenye ukurasa wako kama ushahidi kwamba unauza, kwa sababu risiti ile ina jina lake na namba yake ya simu.